Mafuta ya Baba Njeri

Nilipokuwa mtoto, chumba chetu cha mtaa wa Tuwan, hapa Kitale, kilinukia kuliko tulivyostahili. Kuta zilikuwa za udongo na choo cha wapangaji wote wa ploti kilikuwa karibu mno na mlango, lakini ukiingia kwetu ungedhani umeingia kwa watu wenye uwezo. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Baba alikuwa ameenda kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo bado anaitafuta. Mama naye akaanza kutengeneza mafuta ya kunukia kwa vitu ambavyo wengine hutupa: maganda ya machungwa ya sokoni, waridi zilizopukutika kwenye ua wa kanisa, mchaichai uliojiotea kando ya mtaro. Alivianika mpaka vikauke kabisa, akavitia kwenye chupa ya mdomo mpana, akaongeza karafuu chache na kumimina mafuta ya alizeti. Chupa ilikaa dirishani ipigwe na jua, na kila asubuhi aliitikisa. Ikishaiva aliichuja kwa kipande cha leso. Mafuta kidogo ulipaka nyuma ya sikio, mengine ukachovya pamba ukaiweka kwenye kona ya nyumba. Wanawake wa Tuwan waliyapenda, na ndiyo yaliyotuweka mjini. Wangeacha kununua, tungerudi Ndalu kwa kukhu, mama yake mama, tukalime mashamba ya watu.

Kukhu alipokuja kututembelea aliziona zile chupa, akakunja uso.

"Mtu akikuuliza hii ni nini kabla haijaiva, usimwambie," alimwambia mama. "Ikiwa bado inalala, inasikia. Ile kitu utataja, hiyo ndiyo itageuka kuwa."

"Mama, si hii ni maua na mafuta tu."

"Mimi nimesema."

Mama alicheka. Mimi sikucheka, maana niliyekuwa nikilala chini ya lile dirisha ni mimi. Tangu siku hiyo nilijifunika blanketi mpaka kichwani.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mama Njeri, ambaye watu wake walihamia Kitale kutoka Nyeri zamani. Yeye na mama walikuwa marafiki wa kuombana chumvi. Mume wake aliuza mafuta ya taa, na harufu ya kazi yake ilimfuata mpaka kitandani. Mwenyewe, bila kumwambia mkewe, ndiye aliyemwomba mama amtengenezee chupa, kubwa, yenye karafuu nyingi. Kabla haijaiva mguu wake ukafura, akawa wa kulala tu ndani, hawezi kukanyaga chini.

Mchana mmoja Mama Njeri aliingia kwetu kuomba makaa ya moto. Macho yake yakaenda dirishani.

"Mama Nafula, hii yote ni ya nini?"

Sasa, mama yangu ni mtu wa Bungoma. Kwake L na R ni ndugu. Ukimwita mmoja, anaitika yule mwingine. Nyumbani kwetu maharagwe hayakulowekwa, yalirowekwa.

"Hiyo kubwa nimeroweka ya Baba Njeri," mama alisema huku akipuliza jiko.

Mama Njeri alisimama na kikaango chake mkononi. "Umefanya nini?"

"Nimeroweka. Bado inarara. Ikirara vizuri ndio inashika."

Nilikuwa nimeketi hapo na kitabu changu cha shule, nikaliona usoni mwa Mama Njeri neno alilolisikia. Kuroga. Kwa lugha ya kwao ni neno hilo hilo, kwa yetu linakaribiana, kwa Kiswahili ni hilo hilo. Halikuhitaji mkalimani. Nikasema, "Amesema ameloweka. Na L." Hakuna aliyenitazama. Mama Njeri alitoka bila makaa.

Jioni hiyo tulipofika kwenye mfereji kuteka maji, wanawake walinyamaza. Mama akajaribu kueleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kulirudia neno lenyewe, na ulimi ulikataa kugeuka. Nilisimama nyuma yake na jerikani, nikiomba moyoni aseme L, mara moja tu. Nilimpenda mama yangu, na nilitamani anyamaze.

Baba Njeri alipelekwa hospitali, akapata nafuu. Nikadhani tumepona na sisi. Alirudi akitembelea mkongojo, akasimama katikati ya ploti na kusema mbele ya watu, "Si ni mimi niliagiza hiyo mafuta, bana. Mama Nafula hana makosa."

Mke wake akawageukia wenzake. "Mnasikia?" alisema polepole. "Hata akili imeshikwa."

Hapo ndipo nilipojua hatuna letu tena. Angekufa, wangesema ni sisi. Alipopona, walisema tumemwachilia kwa sababu tumejulikana. Na sasa alipotutetea, eti ni sisi tulioongea kwa mdomo wake. Hakuna mtu aliyegonga mlango wetu kutaka mafuta tena, hata wale waliotuonea huruma.

Tulirudi Ndalu na nguo zetu, sufuria na ile chupa kubwa, ambayo mama aliipakata njia nzima. Kukhu aliifungua, akanusa. "Imeiva," alisema, wala hakutukumbusha lile onyo lake, na nilimshukuru kwa hilo. Yalikuwa mafuta mazuri kuliko yote ambayo mama aliwahi kutengeneza. Yalikaa juu ya kabati mpaka yakachacha.

Sijui kama chupa husikia. Nikiulizwa kanisani nitasema haisikii. Lakini mama hajalitamka lile neno tena; akitayarisha maharagwe ya kesho, huniambia, "Nimetia maji." Juzi alikuja kunitembelea hapa Kitale, akakuta chupa dirishani mwangu, mchaichai na waridi, nami ninajaribu kazi yake.

"Ni nini hiyo?" aliuliza.

Mimi nimesoma, na L yangu haina shida. Hata hivyo nilijibu,

"Si kitu, mama."

Akaichukua, akaitikisa taratibu kama zamani, akairudisha penye jua, asiniulize tena.