Sanduku la kondomu nililolihamisha mimi

Leo nimeonyeshwa kosa langu. Lilikuwa limejaa kondomu na vumbi.

Kazi yangu ni kusaidia vikundi vya mashinani vinavyozuia ukimwi vifanye kazi vizuri. Ama ndivyo nilivyodhani.

Kikundi kimoja huku Kapkatet kilikuwa kimeweka sanduku la kondomu nyuma ya banda la kupimia majani chai, karibu na choo. Kila wiki zilikuwa zinaisha.

Miezi mitatu iliyopita nikawaambia walilete mbele, kando ya mizani, lionekane. Nikapiga picha ya ripoti. Picha safi kabisa.

Leo nimerudi. Hakuna hata moja imetoka.

"Daktari," akasema Mama Chebet, mwenyekiti wao. (Mimi si daktari, lakini amekataa kuacha.) "Hapo mbele ndipo pasta hupanga laini na majani yake. Mama mkwe wa mtu pia yuko hapo. Nani atanyoosha mkono?"

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikuambia. Ukasema mbele picha itatoka vizuri."

Nikakumbuka. Kweli aliniambia, mimi nikiwa natafuta mahali pa kusimama jua lisiniharibie picha.

Tumebeba sanduku, tukalirudisha nyuma. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi. Aliuliza tu, polepole:

"Na wale walikuja hiyo miezi mitatu, wakarudi bila?"

Kama wewe una jibu la kumpa, niandikie hapa chini.