Redio Isiyopenda Salamu

Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kulifungua boksi. Meneja wa kiwanda aliliweka mezani pangu: redio ndogo ya gari, ya kusema na kusikia, aina ambayo wapenzi wa mawasiliano ya hewani hufunga kwenye magari yao. "Fundi, ijaribu," akasema. "Ikifaa, tutanunua zingine." Miaka hiyo ya tisini, kazi ya fundi wa redio pale kiwanda cha chai cha Mogogosiek ilikuwa kubeba lawama za kila kitu chenye waya, hadi pasi ya mke wa meneja.

Lakini hii niliitaka ifaulu. Mama yangu alikuwa akipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia kule bondeni. Mvua ikiharibu barabara, lori lilikwama, na akina mama wakabaki na vikapu vyao kwenye baridi mpaka giza, bila mtu wa kuwaambia warudi nyumbani. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kuvimba. Kama wangepata habari mapema, wangebeba majani na kuyatandaza sebuleni, yakalala salama mpaka kesho.

Niliifunga kwenye pikapu ya karani wa majani, yule aliyepima chai kule kituoni, mzee mcheshi ambaye hakuna asiyemjua. Huku kiwandani nilibaki na redio yetu ya zamani. Siku za jua sikuwa na la kulalamikia. Kutoka kilimani sauti ilikuja safi. Kutoka bondeni ilikwaruza kidogo, lakini kila neno lilishikika. Spika yake ilikuwa hafifu, injini ikaimeza, basi nikaongeza kubwa zaidi, na ikawa hata walio nje ya gari wanasikia. Kasoro ilikuwa moja: joto. Umbo lile dogo halikuwa na pa kupoteza moto, na ukiongea kwa muda mrefu bila kupumzika, ilijizima yenyewe mpaka ipoe.

Kisha mvua ikaja. Lori likazama kwenye mteremko kabla ya daraja, na dereva akarudi kwa miguu kutuambia, matope mpaka kiunoni. Nikakimbilia redio. Kabla sijafungua mdomo, karani akaita.

"Chamgei, fundi! Habari ya huko? Na mvua, iko? Ule mtoto wa kikohozi alipona? Na ng'ombe, zinakula?"

Alikuwa ameshika kitufe hakiachilii, na mtu akishika kitufe hasikii chochote. Mimi nikabaki kupiga meza. Kwetu huanzi na shida. Unauliza watu, unauliza mifugo, unauliza mvua, ndipo unasema kilichokuleta. Karani alikuwa mtu wa heshima, na hakuacha hata ndama mmoja.

"Mama yako yuko hapa, anakusalimia sana, anasema—"

Kimya. Redio yake ilikuwa imejizima. Niliita na kuita, lakini haikuwaka tena mpaka giza.

Mama alingoja lori ambalo halikuwa likija. Majani yalipata joto kikapuni, yakaungua, yakawa mekundu, na akayamwaga kando ya barabara. Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nikamwambia meneja: inasikia vizuri, inafika bondeni, haivumilii maneno mengi. Inafaa, kwa sharti moja, hakuna salamu hewani. Karani alinitazama kama niliyemtukana.

"Hata ya mama yako nisilete?"

"Sema neno moja, mzee, halafu uachilie kitufe."

"Hiyo si kuongea, fundi. Hiyo ni kufukuza mtu."

Mvua iliyofuata, lori likakwama tena. Nikaita mara moja: "Lori haiji. Pelekeni majani nyumbani. Ova." Karani akajibu, "Nimesikia," na hakuongeza kitu. Hivyo tu. Kila mtu alifika kwake kabla mvua haijazidi. Meneja alinipigapiga begani.

Jioni nilipita kwa mama nikiwa hoi, lakini kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilikuwa na furaha kidogo. Majani yalikuwa yametandazwa sakafuni, mabichi kabisa. Yeye alikuwa kando ya moto, nguo zake kavu. Nikamsalimia. Hakuitikia.

"Nilisikia sauti yako kwa gari ya karani," akasema baadaye. "Nikaitikia. Nikangoja uniulize habari. Watu wote walikuwa pale."

Nikamweleza habari ya joto, na kitufe, na yale majani yaliyoungua. Nikamwonyesha haya yaliyopona, miguuni pake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza hata mara moja.

"Sawa," akasema. "Lakini mimi nilikukosea nini?"