Mzee aliyemtoa nje mtangazaji wa podcast kwa kutokumwamkia

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa zangu humu, shikamooni. Wadogo, shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjazitoa.

Hiki ninachosimulia ni kweli tupu. Pale nitakapoongeza chumvi mtapajua wenyewe, maana mimi chumvi naitia kwa upawa.

Juzi kuna member aliuliza humu: wapenda vitabu mnafuatilia podcast gani na newsletter gani? Nikaanza kumjibu kwa comment, comment ikarefuka kama mahubiri ya mgeni, nikaona bora nifungue uzi.

Mimi niko Dongobesh, Mbulu. Nina kaduka ka spea za pikipiki. Shule nimemalizia ya jioni, ukubwani, wakati mwanangu mkubwa naye yuko la pili. Tulikuwa tunagombania meza.

Aliyenisukuma mpaka nikamaliza ni jirani yangu, Mzee Margwe, bwana shamba mstaafu. Yule mzee ana vitabu vingi kuliko wilaya nzima, na wilaya ya pili ukiiongeza.

Alikuwa ananiazima kitabu, siku ya kurudisha ananihoji kuliko hakimu. Ukisema kizuri, anauliza kizuri wapi. Ukisema kibaya, umekwisha: chai inaletwa, unakalishwa, mnabishana mpaka kuku wanarudi bandani.

Jina aliniita Msomi wa Jioni. Ananiita hivyo mpaka leo, hata mbele ya wateja.

Sasa wakuu, mzee akapata presha ya macho. Ile inayokula macho polepole bila kuuma. Alipofika kwa daktari akaambiwa kilichopotea hakirudi. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu, herufi basi tena.

Ana binti mmoja, Restituta, muuguzi, amepangiwa zahanati upande wa Masakta kule Hanang. Akanipigia simu, sauti ya chini. Akasema, "Kaka, baba ametukataza kumtajia kitabu. Anakaa tu na koti lake. Mtu kama yule akiacha vitabu, kesho anaacha na kula."

Nikamwambia dada, tulia, hili niachie mimi. Nilisema hivyo kwa sababu simu yangu imejaa podcast za vitabu. Niliona dawa ninayo mfukoni.

Kuna podcast moja naipenda sana, inaitwa Kurasa na Karanga. Inaendeshwa na binti wa Dodoma, tumwite Neema. Anachambua kitabu huku anatafuna karanga, na anajua kuchambua vyote viwili.

Jumapili baada ya ibada nikabeba spika yangu ya bluetooth. Spika yenyewe ni ndogo, lakini nikiifungua yote ng'ombe wa Yaeda Chini wanainua vichwa.

Nikafika, nikaamkia, nikaketi. Mama Restituta akaleta chai. Nikawasha.

Neema akaingia kwa furaha zote: mambo vipi watu wangu wa nguvu.

Mzee akainua mkono. Nikazima.

"Huyo binti ana umri gani?"

"Kwa kumsikia, Mzee, kama ishirini na tano."

"Ameingia kwangu, amenikuta nimekaa, anasema mambo vipi. Mtoe nje."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaibeba spika, nikaiweka barazani juu ya gunia la vitunguu saumu. Kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza ikaendelea, na Neema akachambua riwaya dakika kadhaa kwa kuku wa mzee. Walisikiliza vizuri, sitawasingizia.

Kwa wageni wa huku nieleze kidogo. Kwetu salamu si mapambo. Mtoto akimpita mzee bila shikamoo, habari inafika nyumbani kwao kabla yeye hajafika, na fimbo inakuwa imeshachaguliwa.

Nikajaribu podcast nyingine, ya wanaume wawili watu wazima. Wakaanza na muziki, tangazo la godoro, halafu wakacheka wao kwa wao. Mzee akauliza wamealikwa na nani.

Nikasema sasa natumia akili. Nikajirekodi kwa sauti nyembamba, "Shikamoo Mzee," nikaibandika mwanzoni mwa episode ya Neema. Nikaipeleka kifua mbele.

Mzee akasikiliza ile shikamoo.

"Huyo ni wewe, Msomi wa Jioni. Na una mafua."

Mama Restituta alilazimika kwenda jikoni kucheka.

Nilipokuwa nimebakiza kukata tamaa tu, nikakumbuka Neema ana newsletter pia. Kila wiki anatuma kwa email habari ya kitabu alichosoma. Nikamwambia mzee kuna barua imekuja, nimsomee?

Barua aliikubali. Barua haingii ndani kwa kelele.

Ilianza na "Habari yako msomaji." Nikajiandaa kuitoa nje. Mzee akasema hiyo anaisamehe, barua ya watu wengi haiwezi kujua nani ni mkubwa. Nikaendelea.

Ilikuwa juu ya riwaya ya mjane anayeuza shamba lake lote ili binti yake asome. Neema alimsifu yule mjane mpaka nikasikia harufu ya karanga. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha. Halafu akaniuliza nimejibu nini.

Nikamwambia Mzee, newsletter haijibiwi, inasomwa tu.

"Barua imefika, imesomwa, haijajibiwa," akasema. "Hapo asiye na adabu ni yule binti au ni sisi?"

Wakuu, mngejibu nini? Nikatoa simu, nikaandika.

Akaanza kuniandikisha. Salamu. Hali ya hewa. Mvua za Dongobesh. Afya ya Mama Restituta, afya ya ng'ombe, vitunguu saumu vimefikia wapi. Kitabu kilitokea aya ya tatu, kikiwa kimechoka kusubiri. Akasema mjane amekosea: shamba hukodishwa, haliuzwi, binti angesoma na shamba lingebaki. Akamaliza kwa kumtakia baraka.

Tukatuma.

Kumbe nimejiletea kazi. Kila newsletter niliyokuwa nimesubscribe ikawa lazima ijibiwe. Kuna moja ya duka la vitabu, inatumwa na mashine, imeandikwa kabisa tafadhali usijibu ujumbe huu. Mzee akashangaa. Mtu anakuandikia halafu anakukataza kumjibu, huyo ni mtu au ni mahakama? Tukajibu. Email ikarudi. Mzee akasema pengine wamehama.

Lakini bado hakuwa yeye, wakuu. Alikuwa anaandikisha kwa adabu tu, kama mtu anayelipa deni. Nikimwambia tubishane kidogo, anasema aah, macho yenyewe hayapo. Nami namjibu ni kweli Mzee, umesema vizuri Mzee. Mama Restituta naye hivyo hivyo. Majirani hivyo hivyo. Tangu augue, nyumba nzima ilikuwa inamkubalia kila kitu, hata aliposema Jumanne ni Jumatano.

Hilo sikuliona wakati ule. Nalisema sasa.

Basi ikaja episode mpya ya Kurasa na Karanga. Nikaisikiliza kwanza dukani, mteja amesimama anasubiri plagi. Nilipofika katikati nikafunga duka. Mteja akaondoka bila plagi, Mungu amsaidie na mlima alio nao.

Restituta siku hiyo alikuwa mapumziko, amekuja kutoka Masakta. Nikawakalisha wote. Nikaruka ule mwanzo wa watu wangu wa nguvu, nikaenda moja kwa moja panapohusika.

Neema alikuwa hatafuni chochote. Akasema amepata barua kutoka kwa mzee mmoja wa Dongobesh, na kwamba tangu aanze newsletter hajawahi kuandikiwa habari za mvua. Halafu akasema, "Mzee wangu, shikamoo."

Mzee akaitikia spika. "Marahaba, mwanangu."

Nikajua tumeshinda. Nikamtazama Restituta, macho yamemjaa. Nikajiandaa kupongezwa.

Neema akaendelea. Akasema, "Mzee, nakuheshimu sana, lakini kuhusu yule mjane umekosea kabisa."

Mama Restituta akanyoosha mkono azime. Huyu binti hajui hali ya mgonjwa wetu, hajui tunavyomlea kama yai.

Mzee akasema, "Acha. Mtu anaongea."

Neema akashusha hoja. Shamba la kukodisha linamhitaji mwenye nguvu ya kulidai kila msimu, na mjane yule alikuwa na shemeji wanaolitamani. Angelikodisha leo, keshokutwa lingekuwa lao. Aliuza kabla hajaibiwa. Mzee, akauliza, wewe ungekuwa yeye ungelilindaje?

Mzee alivua koti. Wakuu, Mbulu ile yenye baridi ya kugandisha mawazo, mzee alivua koti. Akasogeza kiti mbele mpaka magoti yakagusa spika. Akasema huyu mtoto ana akili, ila amekisoma kitabu haraka. Akataka arudishiwe nyuma pale pa shemeji. Nikarudisha. Akataka tena.

Restituta akajaribu kumaliza ubishi. Akasema baba, hata mimi naona mjane alikuwa sahihi.

"Wewe nilikusomesha bila kuuza hata hatua moja ya shamba," mzee akasema. "Kwa hiyo wewe ni ushahidi wangu, huwezi kuwa wake."

Halafu akanigeukia. Akaniuliza mimi nasemaje.

Mdomo ulishafunguka kusema umesema vizuri Mzee. Nikaufunga. Nikasema, "Mzee, mimi niko na Neema."

Mzee akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu macho yaanze kusumbua. Akamwambia mke wake amletee huyu mpinzani chai nyingine, maana hatoki hapa leo.

Kuku walirudi bandani, sisi bado.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani mzee amepungukiwa na kusoma, kumbe alipungukiwa na mtu wa kumpinga. Sisi tulimnyamazia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa inamzika taratibu. Kwa hiyo ukiniuliza podcast nzuri ni ipi, nakwambia ni ile inayokurudishia ngumi.

Sasa tajeni zenu hapa chini, podcast na newsletter, na mseme kwa nini. Pia mseme mjane alikosea au hakukosea. Mzee ameniagiza nimsomee comment zote, hata za matusi, na kila moja ataijibu.

Anzieni na hali ya mvua huko mliko.