Meli ya Baba kwenye Sufuria ya Chai

Kuna watu wa ukoo wetu huko Kajiado ambao mpaka leo wakikutana nami huangalia kwanza kiganja changu cha kulia, halafu ndiyo wanisalimie, na siwalaumu, kwa sababu siku ya kumkumbuka baba nilisimama mbele yao wote, mchungaji akiwemo, nikiwa nimegandwa na meli. Simaanishi kitu kingine. Ni meli yenyewe, ya plastiki, yenye milingoti mitatu, imeshikana na ngozi yangu kwa gundi.

Baba alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba moja hapa Kitengela, na mwenye nyumba alipohama alimwachia boksi la vipande vya meli ya kuunganisha, ndogo ya kukaa juu ya stuli. Baba hakuwahi kuiona bahari (maji makubwa aliyoyajua ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe), lakini alikaa na ile meli kwenye kibanda chake, akaunganisha mwili, akasimamisha milingoti, na kila jamaa aliyempigia simu akaambiwa, "Imebaki kamba tu." Kamba ni zile nyuzi zinazoshikilia milingoti. Alikuwa anachukua vijiti vya plastiki vilivyobaki kwenye boksi, anavipasha juu ya mshumaa mpaka vinalegea, halafu anavivuta polepole vinakuwa uzi mwembamba kama unywele, na mimi nikikaa hapo namtazama. Likumbukeni hilo la mshumaa, kwa sababu mimi sikulikumbuka.

Mama alikuwa ametangulia. Baba alipofariki meli ilikuwa bado haina kamba, mimi nikaacha shule nikaingia saluni kusuka watu, na mdogo wangu Semeyian akachukuliwa na auntie, dada ya baba, akakae naye Kimana kwenye shamba la vitunguu, kwa muda tu, walisema, mpaka nisimame. Nikasimama. Nikapata chumba, nikanunua kitanda cha pili, nikampigia auntie nikamwambia sasa namtaka mtoto.

"Sawa," akasema. "Tutaongea siku ya kumkumbuka baba yenu, tukiwa wote."

Basi nikaamua siku hiyo nifike na kitu cha kuwaonyesha kwamba kilichoachwa nusu mimi ninakimaliza.

Kamba nilizifunga kwa nywele za kusukia, unywele mmoja mmoja, saa zile saluni haina mteja. Nilijifunza kwa kukosea: unaanza na kamba za ndani na za chini, la sivyo za nje zitakuzuia mkono, gundi unaidondosha kwa ncha ya sindano, uzi ukishashika juu unauning'inizia pegi ya nguo chini ili ukae umenyooka mpaka gundi ikauke, na usimalize upande mmoja kabla ya mwingine, maana ukivuta sana kushoto mlingoti unainama na kamba za kulia zinalegea (kama kichwa cha mteja tu, ukikaza upande mmoja hapati usingizi). Ilipokwisha nikaipiga picha, nikaituma kwa grupu ya familia, nikaandika kwa majivuno, "Meli ya baba imekwisha. Mtaiona."

Siku yenyewe nilikuta hema limesimamishwa nyumbani kwetu Kajiado, picha ya baba iko juu ya meza, na wanawake wako nyuma ya nyumba wanachemsha maji ya chai. Semeyian alikuja mbio akainamisha kichwa nimguse, kama watoto wa kwetu wanavyosalimia wakubwa, halafu akanishika kiuno hakuniachilia. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni.

"Leo naenda na wewe?"

"Leo unaenda na mimi."

Nilipofungua boksi nikaona kamba moja ya mlingoti wa mbele imelegea. Imelegea kidogo tu, na Semeyian aliitazama akasema, "Mbona iko sawa?" Lakini mimi niliiona, na nikishaona kitu kama hicho siwezi kukaa, nikawaza wote wataiona, watasema hata hii hakumaliza vizuri. Sasa sisi wasusi, tukimaliza kusuka, tunachovya ncha za nywele kwenye maji moto ili zitulie na zinyooke. Na maji moto yalikuwa pale pale, sufuria nzima inatokota. Nikaishika meli kwa tumbo, nikaipindua, nikaichovya milingoti.

"We Nasieku," akasema Mama Parsaloi, jirani yetu aliyekuwa akisimamia jiko, "hiyo ni chai ya wageni."

"Dakika moja tu, mama."

"Kwani unasuka meli?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaitoa na kicheko kikaisha. Nywele zilikuwa zimejivuta kweli, zimekaza vizuri sana, ila milingoti ilikuwa imelainika kama tambi na kila kamba ikaivuta upande wake, ikapinda, kamba zikaanza kukatika moja baada ya nyingine mikononi mwangu, na mlingoti wa kati ukachomoka. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba na mshumaa wake, na vile vijiti, vilivyotoka boksi moja na milingoti yenyewe.

Nikatoa gundi kwenye mkoba, nikaimwaga badala ya kuidondosha hata ikanitiririkia kiganjani, nikaushikilia mlingoti usimame, na wakati huo huo mchungaji akaita kutoka hemani, "Sasa tumsikie kifungua mimba."

Nikaenda. Baba mkubwa, kaka ya baba, alininyooshea mkono akakutana na meli.

"Weka hiyo chini kwanza, mama."

"Siwezi, baba mkubwa."

"Huwezi aje?"

"Imenishika."

Watoto ndio walioanza kucheka, wakafuata vijana, na mchungaji akajifunika mdomo kwa Biblia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, kwamba alichoacha baba nimekimaliza, na sasa naomba mnipe mdogo wangu. Nikasema, "Baba alituachia," na mlingoti wa kati ukaanguka mezani mbele ya picha yake. Hakuna aliyecheka tena, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka.

Auntie ndiye aliyenitoa pale. Alinikalisha nyuma ya nyumba, akaniweka mkono kwenye beseni la maji ya sabuni, akanipaka mafuta ya kupikia, akanibandua kidole kimoja kimoja bila kuniumiza. Angenigombeza ningemjibu.

"Nasieku, mimi sikunyimi," akasema akiwa bado amenishika mkono. "Lakini ona, na wewe bado ni mtoto. Wacha akae kwangu amalize shule."

Nikaufuta mkono mafuta kwa sketi yangu.

Jioni begi la Semeyian lilipakiwa kwenye gari la kwenda Kimana. Nilimpa meli ile ilivyokuwa, imejikunja, akaigeuzageuza.

"Si meli ni ya maji? Hata mimi ningeiweka majini," akasema. Kisha akanirudishia. "Ikae kwako. Ndiyo niwe na kitu changu huko."

Sasa iko saluni, mbele ya kioo. Wateja huniuliza ni nini kiliipata, nami huwaambia ilipata dhoruba. Kitanda cha pili nimekitandika, na shuka nazifua ingawa hazilaliwi. Nimeapa kwamba kitu kikilegea kidogo na hakuna anayelalamika, nitakiacha kilegee, na hasa nitakiacha nikiwa na haraka ya kuonekana nimeweza.

Kamba zote nilizozikaza zilikatika siku ile. Iliyobaki ni moja, ile ya mlingoti wa mbele iliyokuwa imelegea. Naiona kila siku nikisuka watu, na siigusi.