Kisima Kilichokataliwa na Ramani

Sogeeni karibu, wanangu, na hiyo redio izimwe kidogo.

Juzi nilikwenda ofisi moja ya ramani hapa Garissa. Nilisikia kisima kisichokuwa kwenye ramani hakitajengewa ukuta, na kisima cha marehemu baba kiko upande wa Takaba. Binti wa kompyuta alikikuta kimeandikwa, lakini kina alama nyekundu ya kosa.

"Ayeyo," akaniita, yaani bibi kwa Kisomali, "mashine imekikataa. Kiko katikati ya mto."

"Ndiyo, kiko hapo hapo."

"Basi ni kosa. Nani anachimba kisima mtoni?"

"Baba yangu! Kwani wewe ulizaliwa kwenye bomba?"

Wenzake wakacheka. Nikamweleza kwamba mto wetu ni laga: maji hupita siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga, na maji yako chini yake. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi wanaume wanne walivyopokezana ndoo kutoka chini, wakiimba, na ngamia wakausogelea wimbo. Nikajikuta naimba palepale.

Binti akaandika kwamba ule ni mto wa msimu, akakagua tena. Wekundu ukaondoka. Kisha akashika shavu.

"Wallahi, ayeyo, viko visima vingine vya namna hii kwenye laga hiyo. Nilikuwa nimeanza kuvifuta."

Mashine siilaumu. Iliambiwa tu kwamba mito yote ni kama Tana, haikauki.

Ngamia wa baba walirithiwa na kaka zangu, ukame ukawamaliza. Kisima sasa ni cha wajukuu. Wimbo amebaki nao yule binti. Nilipofika mlangoni nilimsikia akiuimba, tena vibaya.