Mwalimu wa Kiswahili niliyewatafutia mapacha wetu aliishia kufundishia kwenye ghala la mahindi

Wakuu, hamjambo nyote.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wenzao na kuondoka bila kusema kitu. Leo nimejikaza. Haya yote yalitokea kwetu, sijaongeza chumvi, na kama kuna jirani yetu humu ndani, tafadhali usitaje jina langu.

Naandika polepole na ni kwa simu, kwa hivyo mnivumilie. Shule niliachia darasa la nane. Sasa nafanya kazi kwenye posho mill, kusagia watu unga, nje ya Kitale ukielekea mji wa Kwanza.

Nyumbani tuko wanne. Mama, mimi, na wadogo zangu mapacha wa miaka kumi na tano. Mvulana ni Mukhwana, msichana ni Mulongo. Baba alifariki zamani. Dada yetu mkubwa, Nafula, aliolewa Bokoli upande wa Bungoma.

Huyo Nafula mumkumbuke. Atarudi hapa mbele.

Sasa hawa mapacha. Shule yao ni academy, ile ya kulipia, na ukipatikana unaongea kitu kingine isipokuwa Kiingereza, unafagia darasa wiki nzima. Wakifika nyumbani, mama naye anaongea nao Kibukusu tu. Hizo lugha mbili wanazo mpaka wanaota nazo.

Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia smokie, ile soseji ya barabarani. "Ongeza kachumbari." "Pilipili kidogo." Hapo kimeisha.

Report form zilipokuja, mjomba alitoka Bungoma kuzisoma mwenyewe. Mjomba ni ndugu ya mama, alikuwa mtu wa ofisi ya serikali mpaka akastaafu, na ndiye anawasomesha. Akavaa miwani, akaangalia Kiswahili cha Mukhwana, akavua miwani. Akavaa tena, akaangalia cha Mulongo.

"Term hii ikiisha na hii kitu iko hivi, nawapeleka boarding," akasema. "Mvulana ya wavulana, msichana ya wasichana. Hapa wanacheza."

Wakuu, hawa watoto hawajawahi kulala nyumba tofauti hata siku moja. Mmoja akiumwa na jino, mwingine anakosa kula. Mulongo hakulia. Alishika tu mkono wa sweta ya Mukhwana, na hakuuachilia mpaka gari ya mjomba ikatoka kwa geti.

Nikajisemea moyoni, nitawatafutia mwalimu wa nyumbani.

Kujisemea moyoni ndiyo kazi ninayoijua. Kuongea na watu ndiyo shida.

Bahati nzuri mwalimu alikuja mwenyewe. Siku moja wazee wawili walikuwa wanagombania laini hapo posho mill, kila mmoja anasema debe lake ndilo lilitangulia. Nyuma yao alikuwa kijana mmoja mrefu. Akawatuliza kwa Kiswahili kitamu, taratibu, mpaka wazee wote wawili wakampisha yeye asage kwanza.

Nikasema, huyu ndiye.

Nilimuuliza nikiangalia unga wake, si yeye. Alisema anaitwa Wekesa, amemaliza chuo cha ualimu na bado anangojea kuandikwa kazi, na Jumamosi yuko huru. Nikamchorea njia ya kwetu kwenye mfuko wa unga. Tukamalizana.

Hapo ndipo nilikosea. Kwetu, kabla hujamuuliza mtu kama amekula, unamuuliza ni wa ukoo gani na baba yake ni nani. Mtoto mdogo anajua hivyo. Mimi niliona aibu kumuuliza mwalimu mzima maswali, nikayaacha.

Jumamosi ikafika. Mama alichinja jogoo. Vitambaa vya viti vilifuliwa. Mapacha walioshwa nyuso kama wanaenda kubatizwa.

Mwalimu akaingia, mama akamkaribisha kwa Kiswahili chake cha wageni.

"Karibu mwalimu, karibu, keti hapa. Kwenu ni wapi?"

"Ni Bokoli, mama."

"Ala! Bokoli si kwa msichana wangu! Wewe ni wa nani huko?"

Akataja baba yake. Akataja na babu. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono wa kumsalimia. Mkono ukasimama hewani.

"Simiyu ni nani yako?"

"Simiyu? Huyo ni ndugu yangu. Baba zetu ni wa tumbo moja."

Wakuu, Simiyu ndiye bwana ya Nafula. Wakati wa harusi Wekesa alikuwa chuoni mbali, ndiyo maana hakuna aliyemjua mwenzake.

Kwa wale wa pwani na wa nchi jirani, wacha nieleze. Kwetu, mkwe na mama ya mke wake hawashikani mikono, hawaketi nyumba moja na hawaangaliani usoni. Si chuki, ni heshima. Na ndugu ya mkwe ni mkwe. Simiyu mwenyewe akija kwetu, mama hujificha jikoni mpaka aende.

Mama akavuta leso akafunika uso, akatokea mlango wa nyuma. Mwalimu naye akatokea mlango wa mbele, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Sebuleni tukabaki mimi, mapacha, na kuku kwenye sahani.

"Class imeisha?" Mukhwana akauliza.

Nilitaka kulia. Nilidhani mambo yameharibika kabisa. Lakini nikasikia mama ananiita kutoka nyuma ya jikoni. Mama huniita papa, ndivyo mama wengi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Papa! Unamwacha mkwe wangu aende na njaa? Mpelekee kuku. Na umwambie kwa nyumba hawezi ingia, lakini hii kiwanja si ni kubwa?"

Kwenye kiwanja kulikuwa na ghala la mahindi, lile la mbao zilizopigwa na nafasi katikati ili upepo upite. Mahindi yalikuwa bado shambani, kwa hivyo lilikuwa tupu. Tukaweka benchi ndani. Mwalimu akaandika kwa chaki kwenye mlango. Majirani walikuwa wakipita, wanaona watoto wawili na mtu mzima nyuma ya mbao, wanauliza ni kosa gani hao wamefanya.

Kutoka jikoni hadi ghalani ni kama hatua ishirini. Mama alisikia kila neno la mwalimu, na mwalimu alisikia kila neno la mama. Lakini hawawezi kujibizana, sharti mtu apite katikati. Mtu huyo akawa mimi.

"Papa, mwambie huyo mtu Mukhwana anaangalia nje."

Natembea hatua ishirini. "Mwalimu, mama anasema Mukhwana anaangalia nje."

"Nimesikia. Mwambie mama namwona."

Narudi. "Mama, anasema anamwona."

"Nimesikia! Mwambie amwone sana!"

Jumamosi moja niliongea kuliko mwaka mzima uliopita. Koo lilikauka. Mulongo akanionea huruma, akasema, "Wewe enda tu kazini, sisi tutapeleka maneno." Nikashukuru Mungu, nikakimbilia posho mill.

Wakuu, msiwahi kupumzika mapacha wakikuonea huruma.

Baada ya Jumamosi tatu mwalimu alikuja kusaga. Akaniambia kwa upole, "Namheshimu mama sana. Lakini nawapa watoto insha moja tu kwa wiki, na amesema hata hiyo ni nyingi? Ati inaleta kuumwa kichwa?"

Nikashtuka. Mama hajawahi kusema hivyo. Nikarudi nyumbani, nikamuuliza mama kama kuna kitu mwalimu ameomba.

"Ndiyo. Alisema watoto wakae na simu yangu kila jioni wafanye research."

Kumbe mapacha walikuwa wanatunga ujumbe wao na kuunong'oneza sikioni, kila upande ukidhani mwenzake ameona aibu kuusema kwa sauti. Nikaitisha mkutano wangu wa kwanza maishani. Nilisimama mbele ya mapacha, nikawaambia term imebaki wiki chache, na boarding mjomba ameshaanza kuitafuta. Mukhwana akaangalia chini. Mulongo akashika mkono wa ile sweta.

Nilifikiria kutafuta mwalimu mwingine wa ukoo mwingine. Lakini ningeanza wapi tena? Basi nikaweka sheria. Mapacha wasimame katikati ya kiwanja, mahali wote wawili wanawasikia. Mama anasema kwa Kibukusu, Mulongo anampelekea mwalimu kwa Kiswahili, kwa sauti. Mwalimu akijibu, Mukhwana anamrudishia mama. Hakuna maneno ya kunong'onezana, na mimi nipo hapo refa.

Na wakikosea? Mama hawezi kumwambia mkwe wake kitu, kwa hivyo aliwaambia kuku.

"Nyinyi kuku, mmesikia huyu mtoto? Mimi nilisema 'tafadhali'? Sijasema tafadhali!"

Mwalimu naye, kwa heshima zote, alikuwa anamwelekea ng'ombe wetu aliyefungwa kando ya ghala. "Ng'ombe wewe, neno la mwisho Mukhwana amelimeza."

Siku moja mwalimu alisoma kwa sauti insha ya Mulongo kuhusu mavuno. Mama akalipuka jikoni. Ati ni uongo, hakuna mtu mwenye akili anayeingiza mahindi ghalani siku ile ile ameyakata. Mwalimu akatetea, ni insha bana, si shamba. Mama akauliza, insha haitaki ukweli? Walibishana karibu saa nzima juu ya kukausha mahindi. Mapacha walisimama pale katikati wakipeleka na kurudisha, jasho linatoka. Hakuna kitabu kingewapa kazi kama hiyo.

Term ikaisha. Mjomba akaja hata kabla ya report form. Akawekewa kiti kwenye kiwanja, katikati ya jikoni na ghala. Alikuwa amekuja na gazeti la Kiswahili.

"Someni hapa. Halafu mnieleze."

Mukhwana akasoma mistari miwili, akakwama. Mulongo akalichukua, lakini sauti haikutoka kabisa. Mwalimu kule ghalani alikuwa amesimama, hawezi kusogea karibu kwa sababu ya mama. Mjomba akakunja gazeti.

"Basi. Nimeona."

Hapo mama akaongea kutoka jikoni kwa Kibukusu, sauti yake imevunjika. Na Mulongo, kwa mazoea tu, bila hata kufikiria, akageuka akasimama mahali pake pa kila Jumamosi, akaanza kupeleka.

"Mama anasema hawa watoto aliwabeba pamoja. Anasema mmoja alizaliwa jioni, akalia mpaka mwenzake alipotoka, ndipo akanyamaza. Anasema kama ni Kiswahili kinawatenganisha, basi kifundishwe usiku na mchana, lakini kifundishiwe hapa."

Mwalimu akajibu kutoka ghalani kwamba yuko tayari kuendelea kuwafundisha, naye Mukhwana akaanza kumrudishia mama kwa Kibukusu, neno kwa neno, halikubaki hata moja.

Mjomba alivua miwani.

"Nani amewafundisha kuongea hivi?"

Mama hawezi kumsifu mkwe akiwa anasikia. Mwalimu hawezi kujisifu mbele ya mama. Mapacha wananiangalia. Kuku wananiangalia. Nikajua ni mimi.

"Ni mama na mwalimu," nikasema. "Kwa sababu hawasalimiani."

Mjomba alicheka mpaka kiti kikaingia kwa udongo. Aliondoka jioni na lile gazeti lake, na habari ya boarding hatujaisikia tena. Report form zilikuja baadaye. Mukhwana alipanda, Mulongo akapanda zaidi, na anamkumbusha kila siku.

Nilichojifunza? Nilitaka kuwashauri kwamba ukitafuta mwalimu wa nyumbani, uliza ukoo kwanza. Lakini nikifikiria vizuri, kama ningeuliza, nisingemchukua, na leo mapacha wangekuwa kila mmoja na kitanda chake mbali. Kwa hivyo sijui. Ninachojua ni kwamba mtoto anashika lugha haraka akiwa na mtu anayemngoja aseme.

Wenye watoto wa lugha mbili, nyinyi mlifanyaje? Na wale wanaojua mila kuliko mimi, kuna njia ya kumwingiza mwalimu huyu ndani kabla mahindi hayajarudi ghalani? Semeni, nitasoma yote. Kujibu nitachelewa kidogo.

Jumamosi iliyopita mwalimu alileta sukari. Aliiweka kwenye kiti katikati ya kiwanja, akarudi nyuma. Mama akatoka na leso usoni, akaichukua, akawaambia kuku asante sana.

"Karibu, mama," mwalimu akamwambia ng'ombe.