Durban miaka ya tisini: mama mwenye nyumba asiyekula nyama, na mwanaye aliyekwama kisiwani kwenye baridi

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo nawapokea.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Juzi nimepitia ule uzi wa watu wasiokula nyama, nikaona mnavyotukanana hadi wazazi wanaingizwa, nikasema ngoja nilete nilichokiona kwa macho yangu. Sitaongeza chumvi. Ambaye hataamini apite tu, hatutagombana.

Twende kazi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban, South Africa. Kijana, sina mke, mdomo mrefu. Kazi yangu ilikuwa kupigisha watu simu kwenye duka moja pale mjini, zile za kulipia kwa dakika, maana mobile enzi hizo ilikuwa ya wenye nazo.

Nilipanga Sydenham, chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja wa Kihindi. Mtaa mzima tulimwita Aunty Kogie.

Chumba nilishirikiana na Mkongo wa Bukavu, kinyozi, anaitwa Jeannot. Alinizidi umri kidogo, nikawa namwita Papa Jeannot kama wenzake.

Sasa Aunty Kogie hakuwa anakula nyama. Wala samaki. Wala yai.

Na nyumba yake ilikuwa na sheria moja: nyama haivuki geti. Si mbichi, si ya kupikwa, si ya kwenye mfuko. Kodi ukichelewesha alikuwa anakuvumilia. Nyama ukiingiza, anza kutafuta pa kuhamia.

Mkongo bila nyama, wakuu, ni kesi. Tulikuwa tunamalizana na mambo hayo mjini kabisa kabla ya kupanda taxi ya kurudi.

Kuna siku Papa Jeannot akaficha ndagala, dagaa wakavu wa kwao, kwenye sanduku, katikati ya suti zake za kanisani. Mnaoijua ndagala mnajua haifichiki. Aunty Kogie akaja akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Jeannot, my boy, nani amefia humu?"

"Hapana mutu, Aunty. Ni dawa ya mugongo."

Akaondoka bila neno. Kesho yake asubuhi akamletea chupa ya mafuta ya kuchua mgongo, akamwambia, "Tumia hii. Ile yako katupe mbali sana." Nilicheka wiki nzima.

Msimwone mkali. Nilipougua mafua mabaya yule mama aliniletea supu ya ukwaju na pilipili manga kila jioni mpaka nikasimama. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, nami nilimpenda yule mama, nasema wazi.

Na hakuwa mtu wa kuhubiri. Nilimuuliza siku moja kwa nini hali nyama. Akasema, "Nina tumbo moja tu. Sioni kwa nini mwingine afe kwa ajili yake wakati biringanya zimejaa sokoni." Basi, akaendelea kumenya vitunguu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Logan. Fundi wa vyombo vya kupima hali ya hewa, kijana mpole. Baba yake alipofariki, Logan alisimama mbele ya taa yao ya sala akamwahidi mama yake kwamba atakula anachokula yeye, maisha yake yote.

Kisha Logan akapata kazi ya mwaka mmoja kwenye kituo cha hali ya hewa, kisiwani, kusini kabisa baharini, ukielekea kwenye barafu. Meli inakupeleka, inakuacha, inarudi kukuchukua mwaka ukiisha. Hakuna mti hata mmoja. Ni upepo, mvua ya barafu, penguin, na watu wachache wa kituo.

Aunty Kogie akamfungia mwanaye sanduku la chuma. Dengu, choroko, mbaazi, haradali, giligilani, vyote mbegu nzimanzima, kwa sababu yeye vitu vya kusagwa dukani hakuviamini hata siku moja.

Kumbe kile kisiwa kinalindwa. Chochote kinachoweza kuota hakiruhusiwi kutua, kisije kikaharibu mimea ya asili ya pale. Wakaguzi bandarini Cape Town wakafungua sanduku, wakaona shamba zima limo ndani. Likarudishwa Durban. Meli ikaondoka na Logan bila punje ya dengu.

Sheria ni nzuri tu, simlaumu mtu. Ila niliona jinsi Aunty Kogie alivyolipokea lile sanduku. Alilipangusa vumbi, akakaa juu yake.

Miezi ya mwanzo haikuwa na shida. Kulikuwa na viazi, kabichi, karoti. Baridi yenyewe ilipoingia, vitu vibichi vikaisha. Ikabaki mikate, wali, jam, na maharage ya makopo yanayohesabika. Friza la nyama ya kondoo, wakuu, lilikuwa limejaa mpaka juu.

Naona mkuu mmoja ameshauliza hapo chini kama hakukuwa na samaki. Mkuu, samaki ana macho. Aunty Kogie hakula chenye macho, na mwanaye vilevile.

Jumamosi moja nafua nguo uani, nikasikia naitwa. Nikamkuta Aunty Kogie amekaa sakafuni kwenye korido, mkono wa simu uko mapajani.

Kiongozi wa kituo alikuwa amepiga. Logan amekonda. Ana kizunguzungu. Alitoka kwenda kusoma vyombo kwenye mteremko, upepo mkali, na mwenzake alimkuta amekaa kwenye theluji hajui alikuwa anakwenda wapi. Meli haiji leo wala mwezi ujao. Wamembembeleza ale nyama, anawajibu kwamba kuna mtu mmoja tu duniani wa kumfungulia ile ahadi.

Kiongozi akamwomba mama azungumze naye. Atapiga tena kesho mchana.

Aunty Kogie akanitazama. "Wewe uliniambia umezaliwa kwenye baridi. Sema kweli, usinifurahishe. Mtu anaweza kuishi bila nyama huko?"

Mimi mtu wa Makete. Baridi naijua, kwetu umande unaganda juu ya majani na maji ya kuoga asubuhi ni adhabu.

Nikamwambia ukweli. "Aunty, kwetu watu wanaishi. Lakini kwetu kuna viazi, kuna njegere, kuna mboga hata kwenye baridi. Udongo unatoa. Huko aliko Logan udongo hautoi kitu."

Akarudisha mkono wa simu mahali pake.

Jioni Papa Jeannot akarudi kazini, nikamwambia, akaenda moja kwa moja mlango wa jikoni. "Aunty, pardon, lakini ule mutoto atakufa. Iko baridi sana kule. Mungu haiko kipofu, anaona kama mboga haiko."

Jibu la yule mama sijalisahau.

"Simwogopi Mungu, Jeannot. Mungu ataelewa. Namwogopa Logan. Nikimwambia kula, atakula kwa sababu nimesema mimi. Halafu atarudi hapa anaona aibu kukaa mezani kwangu. Namjua. Nitakuwa nimemwokoa na nimempoteza."

Jumapili mchana simu ikaita. Aliniomba nikae karibu naye, nikakaa. Simu za kule zilikuwa zinachelewa: unasema, unasubiri, ndipo sauti inakuja.

"Logan. Kula."

"Ma, niliahidi."

"Uliniahidi mimi, na mimi nakurudishia ahadi yako. Sikiliza. Mimi nimekuwa mwema hapa Durban, mahali ambapo mboga zinanifuata mpaka getini. Ningekuwa huko uliko, sijui ningekuwa mwema kwa biringanya za nani. Huyo mnyama ameshakufa. Mshukuru, kisha kula ushibe. Usile kidogo kidogo kama mwizi. Kula kama mtu mwenye mama."

Akaweka simu. Kisha akalia pale korido, na mimi nikalia naye, sioni aibu kuandika.

Nilidhani yameisha.

Jumapili iliyofuata tumekaa chumbani, mlango ukagongwa. Aunty Kogie.

"Jeannot, unajua kupika nyama ya kondoo?"

Papa Jeannot akajua huu ni mtego. "Aunty, mi siku hizi sikulaka nyama, kweli, vraiment."

"Acha uongo. Kanunue. Upike hapa uani."

Tukatazamana. Akaona hatujaelewa, akasema polepole, anaangalia chini.

"Harufu yake naichukia tangu mtoto. Siwezi kuizuia, uso unajikunja wenyewe. Logan akirudi atakuja nayo mwilini, kwenye nguo, kwenye pumzi. Na kitu cha kwanza atakachoangalia ni uso wangu. Nataka nizoee."

Wakuu.

Papa Jeannot akaenda kununua. Akawasha jiko la mkaa chini ya kamba ya nguo. Nyama ikaungua upande mmoja. Aunty Kogie akaweka kiti mbali, leso puani. Baada ya muda akaiondoa leso. Baada ya muda tena akainuka haraka, akatapika nyuma ya banda la kufulia.

Nikajua hatarudia.

Jumapili nyingine akaja na kiti chake.

Ikawa hivyo. Kila Jumapili kiti kinasogea kidogo. Majirani wa Kihindi wakaanza kunong'ona kwamba Kogie amechanganyikiwa, anawapikisha wapangaji nyama uani kwake. Yeye anawasalimia tu. Hakuonja hata mchuzi, na sufuria yetu haikuvuka kizingiti cha jiko lake. Alikuwa anakaa, anavuta pumzi, anatuuliza habari za kwetu, na huku anauzoeza uso wake.

Kichekesho ni Papa Jeannot. Mtu aliyeililia nyama mwaka mzima sasa anabakiza kwenye sahani. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Ndugu yangu, nyama unakula mbele ya ule mama haishuke muzuri."

Logan alirudi mwaka uliofuata. Meli mpaka Cape Town, kisha basi mpaka Durban. Hakumwambia mama yake saa ya kufika. Alipita ubavuni mwa nyumba akaja kwanza chumbani kwetu, mabegi mkononi, ndevu nyingi, nguo mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani.

"Naomba nioge kwenu," akasema. "Siwezi kuingia jikoni kwa Ma hivi."

Kabla sijampa hata taulo, Aunty Kogie alikuwa ameshatoka. Sijui nani alimwambia. Mama hahitaji kuambiwa.

Logan akarudi nyuma hatua. "Ma, usinishike. Bado sijaoga."

Yule mama akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamvuta chini, akaweka pua yake shingoni kwa mwanaye na kukaa hapo. Mimi nilikuwa nauangalia uso wake. Haukujikunja.

Wakakaa kwenye ngazi ya jikoni, Logan anaogopa kuingia. Kisha Aunty Kogie akauliza:

"Walikupikia vizuri?"

"Nini, Ma?"

"Hiyo nyama. Walikuwa wanaipika vizuri?"

Logan akamtazama kama hajasikia sawasawa. "Wanachemsha tu, Ma. Wanaweka chumvi."

"Na masala?"

"Hakuna masala, Ma."

Aunty Kogie akashika kichwa. "Chumvi tu? Miezi yote hiyo mwanangu anakula kitu cha kuchemsha na chumvi tu?"

Na akalia, wakuu. Alilia kwa hilo hasa. Logan akaanza kucheka, kicheko kikageuka, akalaza kichwa mapajani kwa mama yake, mwanaume mzima mwenye ndevu, akalia kwa sauti. Papa Jeannot akanishika mkono akanivuta ndani, akafunga mlango.

Baadaye tuliwasikia jikoni. Vijiko, maji, na Logan anasimulia habari za penguin.

Nilichojifunza? Nyama nakula mpaka leo, sitawadanganya. Ila tangu pale sijawahi kumcheka mtu asiyekula, na sijawahi kumhukumu aliyekula kwa kukosa kingine. Kabla hujausifia msimamo wako, angalia kwanza unasimama kwenye udongo gani.

Lakini kubwa si hilo. Kubwa ni kwamba kila mzazi atakwambia anampokea mwanaye vyovyote atakavyorudi. Kusema ni rahisi. Yule mama aliketi uani kwake Jumapili baada ya Jumapili, anatapika na kurudi, anakifanyia mazoezi hicho ambacho wengine tunakisema tu.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kuishi na mtu wa meza tofauti na yenu, leteni yenu tusome. Ila kwenye uzi huu mtu asimtukane mwenzake sahani yake.